Wajerumani wanalalamika, sisi tunafunga na tyubu

Leo mama mmoja amekuja pale kazini, hapa Ujerumani tunapotengeneza sapoti za goti, kurudisha moja tulimpatia ajaribu nayo milimani, akakaa akilalamika mpaka chai yangu ikapoa. Ati velkro ikibanduliwa inapiga kelele. Ati mshono wa nyuma unamkwaruza akishuka mteremko, akipanda hapana, akishuka tu. Mi kimoyomoyo nasema mama, si ushukuru umepewa bure. Kumbe mdosi anaandika kila kitu, na kabla tutoke jioni huo mshono ulikuwa umeshahamishwa kwa mchoro.

Sasa linganisha na kwetu. Kasini yangu wa Kondele, Kisumu, anacheza mpira Jumapili na wiki nzima yuko kwa boda, goti liliumia kitambo, na sapoti yake alinunua soko la Kibuye, akaivuta hivi na mikono akasema itatosha. Nikamtumia moja ya hapa, nikamuuliza inamkaa aje. "Iko poa sana braza, Mungu akubariki." Haya. Lakini kwa picha alituma, ukiangalia vizuri, juu ya goti amezungusha kipande cha tyubu ya baiskeli ndio isishuke.

Wewe! Si hio tyubu ndio nilikuwa nauliza!

Juu kushuka ndio adui yetu namba moja kwa hii kazi. Paja ni pana juu na linapungua likikaribia goti, kwa hivyo ukikimbia sapoti inatafuta tu kushuka. Ndio maana hapa mtu anapimwa mzunguko wa paja na wa mguu chini ya goti, haulizwi tu kama ni midiamu ama laji, na ndani tunaweka ukanda wa silikoni ushike ngozi. Zile za vyuma kando ndio balaa zaidi, maana goti halizunguki mahali pamoja kama bawaba ya mlango, likikunjwa linateleza pia, sasa ukiweka bawaba ya kawaida chuma na mguu vinaanza kuvutana na kitu yote inahama. Halafu neoprini, ile raba wapiga mbizi huvaa, inashika joto. Kwa baridi ya hapa hio ni raha. Kwa jua la Kisumu saa nane mchana unaogelea na jasho ndani ya sapoti. Nitajuaje kama silikoni imeshindwa na jasho kama mtu ananiambia iko poa?

Najua mshaanza, ati huyu amekula mkate wa Ulaya sasa anatuona washamba. Hapana jamani. Huyo kasini na tyubu yake amefanya kazi ya injinia, tena bila mshahara, na mafundi wa viatu wetu nikiwapa kiolezo na wiki moja watanitolea kitu safi. Na hawa wa hapa wanachosha pia, jirani ameniandikia barua, barua kabisa, juu ya venye nafunga pipa la taka.

Mwingine atasema huko ni sheria inawalazimisha. Ni kweli, ile ya Umoja wa Ulaya ya vifaa vya matibabu, namba 2017/745, ilianza kutumika Mei 2021 na inamtaka mtengenezaji aendelee kukusanya malalamiko hata baada ya kuuza. Lakini kwani sisi Kenya hatuna Pharmacy and Poisons Board, ile bodi ya serikali ya dawa? Si vifaa vya matibabu viko chini yake? Sema ukweli, ni lini uliripoti kitu ilikuumiza? Kulalamika tunajua sana, kwa kinyozi, kwa matatu, kwa matanga. Mwenye kutengeneza akitokea, "asante sana, iko sawa."

Kwa hivyo kama unavaa hizi vitu Kisumu, Kakamega ama Nakuru, niandikie. Inashuka ukikimbia ama ukikaa kwa pikipiki? Inawasha mbele ama nyuma? Umeifunga na nini? Na kama unataka kunitusi ati naringa, tusi, lakini weka na picha ya goti.