Nimeoa, Fomu Haijui

Jamani, mimi ni mume wa mtu. Cheti ninacho, pete ninayo, na mama mkwe ananipigia kila Ijumaa kuuliza tumefika wapi. Lakini kwenye makaratasi ya Kanada bado ni kapera, na makaratasi ya Kanada yakishakuita kapera, hata ukiwa na wajukuu kaa usubiri.

Niliomba ukaazi wa kudumu nikiwa peke yangu, kwa kazi yangu ya huku huku. Nikajaza visanduku vyote, nikapimwa afya, nikatoa alama za vidole, nikakaa kungoja. Kwa kawaida ni kama miezi 6, wanasema. Sasa mtu mzima anakaaje miezi 6 hafanyi kitu? Wenzangu walijifunza kuteleza kwenye barafu. Mimi nikaposa.

Mjomba akapanga kila kitu. "Mahari tuma, wali wa kumwozesha binti yupo, shekhe yupo. Wewe weka simu kwenye spika, useme nimekubali, sisi huku tunakula pilau." Akili ya mjomba haina kasoro, isipokuwa kwamba tangu tarehe 11 Juni 2015 Kanada haiitambui, kwa mambo ya uhamiaji, ndoa ambayo bwana au bibi harusi hakuwepo mwenyewe. Ya simu, ya wakili, ya intaneti, zote hola. Wamewasamehe wanajeshi wao tu, na mimi bunduki nimeiona kwenye sinema. Nikamweleza mjomba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hao Kanada nani kawaalika?"

Nikakata tiketi. Bei yake siitaji, nisije nikalia upya.

Niliporudi ndipo wanasheria walipojitokeza. Nawasema wabeba boksi wenzangu, maana kila mmoja wetu akishavua buti za kazini anakuwa wakili. Wa kwanza akanivuta pembeni. "Kaka, kaa kimya. Karatasi yako itoke kwanza, halafu shemeji utamdhamini taratibu." Maneno matamu kama tende, na humo humo ndimo shimo lilimo. Kanuni zao zina kifungu cha 117(9)(d): ukipokea ukaazi huku una mke hukumtaja, naye hakukaguliwa, baadaye huwezi kumdhamini kama familia yako. Mwaka 2019 walilegeza kidogo kwa baadhi ya watu, lakini nani anaanza ndoa kwa kuomba alegezewe? Tena ukibainika umeficha, unaweza kufungiwa mlango miaka 5. Wa pili alijiona mjanja zaidi. "Mwandike, ila sema hafuatani nawe." Hilo linaruhusiwa. Ila hata asiyefuatana anapimwa na kukaguliwa vile vile. Sasa kama damu atatoa, si aje tu?

Nikatuma taarifa kwamba hali yangu ya ndoa imebadilika. Sentensi moja, lakini mkono ulinitetemeka kama ninayekiri kosa kituoni. Basi orodha ikafuata: fomu zake, pasipoti, cheti cha ndoa, vipimo vya afya, hati ya polisi ya kila nchi aliyowahi kukaa miezi 6 mfululizo. Halafu ada. Mwaka huo wa 2025 zilikuwa dola za Kanada 950 za kushughulikia maombi yake, 575 za haki ya ukaazi, 85 za vidole. Jumla 1,610, na daktari hujamtia humo. Nyumbani mahari ilitajwa, mjomba akakohoa, akatoa methali mbili, ikashuka. Huku ningempeleka mjomba akamkoholee nani?

Yote hayo niliyameza. Iliyonimaliza ni fomu ya historia.

Hiyo inataka maisha ya mtu ya miaka 10, mwezi kwa mwezi, pasiwe na pengo. Tukawa tunaijaza kwa simu, kwangu mchana, kwake usiku anapiga miayo. Shule, sawa. Kazi ya dukani, sawa. Tukafika 2021.

"Mei na Juni ulikuwa wapi?"

"Kwa shangazi."

"Ukifanya nini?"

"Nimekaa tu."

"Mke wangu, fomu haijui 'nimekaa tu'. Ulikuwa kazini, masomoni, au huna kazi?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kisha kwa sauti ya chini: "Nilikuwa nimewekwa ndani."

Moyo ukaniruka. Ndani! Na hati ya polisi tunaidai wiki ijayo! Nikaanza kuuliza kituo gani, kosa gani, nani alimwekea dhamana, na mbona ukoo mzima ulinificha.

"Ndani ya mwari, wewe! Nafungiwa nisitoke, napakwa singo na liwa kama bibi harusi. Nilikuwa nimeposwa."

"Na nani?"

"Si wewe."

Haikufungwa ndoa, yule mchumba alighairi siku za mwisho. Basi kwenye swali la kama amewahi kuolewa jibu ni hapana, kihalali kabisa, na uchumba fomu wala haikuuliza. Mei na Juni tukaandika: hakuwa na kazi. Lakini tazameni maajabu haya. Mjomba alipeleka posa, akapekua ukoo vizazi vitatu, akaniambia binti hana doa. Kumbe zana ya kupekulia ilikuwa karatasi ya uhamiaji, ile ile isiyojua kwamba nimeoa. Mama mkwe nilipomdokeza Ijumaa, aliniambia simu yake inaishiwa chaji.

Tukituma hiki, tukisubiri kile, vipimo vyangu mwenyewe vikafikisha miezi 12, vikaisha muda. Nikarudi kwa daktari yule yule. Akanipandisha kwenye mizani, akatazama jalada, akatazama tena mizani. Nimeongezeka kilo 4.

"Kuna kilichobadilika tangu mwaka jana?"

"Nimeoa."

Akacheka, akanipiga bega. "Inaonekana. Mkeo anakulisha vizuri."

Sikumwambia kwamba mke yuko bara jingine na usiku nakula tambi za pakiti nimesimama. Nikasema asante, nikavaa koti, nikaenda kulipa.