Oili Ikivuja Palepale Kila Mara, Dereva Hana Kosa

Pikipiki mpya ikianza kuvuja oili, wa kwanza kulaumiwa ni dereva. Ataambiwa anaivuta sana, anabeba mishikaki, anachelewa kumwaga oili. Wakati mwingine ni kweli. Lakini pikipiki kadhaa za toleo moja, zenye madereva tofauti, zikivuja mahali palepale, maneno hayo mimi siyakubali. Huo ni ubovu wa kiwandani, na mzigo wake ni wa aliyetengeneza na aliyeuza.

Injini ya bodaboda ya cc 125 au 150 hubeba oili ya takriban lita moja tu, na hiyohiyo ndiyo inayolainisha pistoni, klachi na gia. Nyingi hazina hata taa ya kuonya. Oili ikipungua sana bila dereva kujua, injini inanoki, na hapo si suala tena la sili, kile kipete cha mpira kinachozuia oili isitoke.

Tuchukue sili ya shafti inayozungusha sproketi ya mbele, ile inayovuta cheni. Fundi anaibadilisha, baada ya muda mfupi inavuja tena, anabadilisha nyingine. Kama beringi imelegea au shafti haikuchongwa sawasawa, shafti inayumba na kuula mdomo wa sili, hata uweke mpya kila mwezi. Kuna ubovu mgumu zaidi: aluminiamu ya jumba la injini ikimiminwa vibaya hubaki na vitundu ambavyo macho hayavioni, na injini ikipata moto oili inatoka kama jasho. Hapo gasketi haisaidii. Ni kubadilisha jumba lenyewe.

Ni haki pia kukagua kwanza. Mrija wa kupumulia wa injini ukiziba, mgandamizo wa ndani unaisukuma oili nje. Nati ya kumwagia oili ikikazwa kupita kiasi, meno yanakufa. Osha injini, ikauke, pulizia poda, iwashe, halafu tazama unyevu unaanzia wapi, maana upepo huisambaza oili ikaonekana inatoka kusikohusika. Na mafundi, nawaomba sana, punguzeni gundi ya silikoni! Inayobanwa kwa ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la oili.

Kinachoniuma zaidi ni kijana mwenye pikipiki ya mkataba, anayemlipa bosi hesabu mpaka iwe yake. Chombo kiko gereji, hesabu ya bosi inaendelea, na dukani anaambiwa kila mara “tutakubadilishia sili” mpaka waranti inaisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hapa Tanzania inamlinda mlaji dhidi ya bidhaa isiyo na ubora unaofaa, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko. Lakini malalamiko ya mdomo hayafiki mbali. Kila unapopeleka pikipiki, dai karatasi yenye tarehe, kilomita, namba ya injini na kilichofanywa. Halafu kijiwe kizima mkusanye karatasi zenu, muende pamoja.

Waagizaji nao watangaze namba za injini zenye kasoro, waziite zirudi, wabadilishe kilichoharibika bila malipo, kama watengenezaji wa magari wanavyofanya. Abiria anayepanda bodaboda ana roho kama ya anayepanda gari, na oili ikirukia tairi la nyuma kwenye kona, wote wawili, dereva na abiria, wanaanguka.