Umepoteza Nini Hapo Chini?

Asubuhi mimi siamki, nafufuliwa kwa awamu. Yanatangulia macho, inafuata shingo kwa mlio wa mlango wa ghala, halafu wote tunamsubiri bwana mkubwa kiuno, ambaye hana haraka na mtu. Nikifanikiwa kutoka nje, jirani ananiona nimepinda natazama ardhi, anauliza kwa huruma, "Umepoteza nini hapo chini, nikusaidie kutafuta?" Nimepoteza ujana, jirani. Ukiuokota niletee.

Nilikwenda kwa daktari. Akaniuliza maumivu yameanza lini. Nikamwambia nilipojua kushika jembe. Akasema maumivu yakipita miezi 3 yanaitwa sugu. Sasa haya yangu ya miaka 20 yanaitwaje? Akanyamaza, akaandika.

Lakini elimu alinipa. Kumbe kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini, na usiku ukilala vinanyonya maji vinavimba. Ndiyo maana binadamu huamka mrefu kuliko alivyolala, kama sentimita 1 hivi. Sentimita nzima, bure, bila kuomba! Ila visahani vikiwa vimejaa maji havipendi kukunjwa, kwa hiyo muda mbaya kabisa wa kuinama ni ule wa mara tu baada ya kuamka. Nikamtazama. Daktari, kwani mkulima anaingia shambani saa ngapi? Jua likiwa utosini, huku ameshikiwa mwavuli? Na hiyo sentimita yenyewe siifaidi, maana ikifika jioni shamba limeshaichukua yote.

Nikaomba dawa. Akanipa chache na onyo refu: ukizimeza kila siku kwa mazoea, tumbo linachubuka na figo zinachoka. Yaani niokoe kiuno nizike figo. Basi nipumzike? Hapana, kulala kitandani siku nzima nako kunakaza misuli, ni lazima mwili utembezwe. Nikajumlisha masharti: usiiname, usichuchumae, usibebe, usilale sana. Kilichobaki ni kusimama wima katikati ya shamba kama sanamu ya kufukuzia ndege, na hata hiyo sanamu ina mti wa kuegemea.

Kwenye kubeba ndipo nilipotaka kulia. Nasikia Shirika la Kazi Duniani, tangu mwaka 1967, lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Mwaka 1967! Nani alipewa ile barua aniletee akasahau? Mimi na gunia la kilo 100 tumezeeka pamoja, na kila nikilitua lenyewe linakaa vizuri, mimi ndiye ninayebaki nimekunjika.

Magoti siyasemi sana. Yana kazi yao ya kutabiri mvua, na juzi hayakukubaliana: la kushoto lilisema inanyesha, la kulia likasema jua. Nikatoka na mwavuli huku nachechemea.

Kilichoniamsha kabisa ni habari ya jembe. Eti mwaka 1975 jimbo la California, kule Marekani, lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi, kwa sababu lilikuwa linavunja migongo ya vibarua wa mashambani. Na wasimamizi walikuwa wakilipenda kwelikweli, maana anayelima ameinama, kwa hiyo aliyesimama wima anaonekana mara moja kwamba anapumzika. Niliposikia hivyo nikajiona mjinga. Hao walikuwa na msimamizi. Mimi shamba ni langu, jembe langu, na bado nikinyoosha mgongo kidogo naangalia kulia na kushoto kama mwizi.

Basi nikachonga mpini mrefu, unaonifika kifuani. Siku ya kwanza, lo! Wazee walipita wakasimama kabisa kunitazama. Mmoja akasema hilo ni jembe la kuchimbia ukiwa kitandani. Mwingine akamwuliza mke wangu kama siku hizi naogopa udongo. Mama watoto akajibu, "Mwacheni, angalau sasa usiku halii." Siri za ndani hizo, mama watoto, lakini tuendelee.

Wiki mbili baadaye, magharibi imeingia, nasikia hodi. Ni yule mzee wa kitandani. Anakohoa, anazunguka maneno, mwishowe, "Baba, hebu niazime kile kituko chako niwachekeshe wajukuu." Wajukuu walicheka siku 4. Akafuata wa pili, naye akija gizagiza. Akafuata jirani mtafutaji wa vilivyopotea.

Leo magugu yamenifika magotini, nikaona nilifuate. Kwa mzee nikaambiwa liko kwa jirani. Kwa jirani nikaambiwa aliyeliazima ameliazimisha. Nimerudi nyumbani nimechukua la zamani, lile fupi, nimeinama. Na jirani huyo anapita njiani, kiuno kimenyooka kama mshumaa.

"Vipi tena, umepoteza nini hapo chini?"