Mashine Zikishika Kazi, Vijana Wetu Watajitahidi kwa Ajili ya Nini?

Mwaka 1930 mchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes, alitabiri kwamba katika muda wa miaka 100 maendeleo ya uzalishaji yangeipunguza kazi ya binadamu hadi saa 15 kwa wiki, na tatizo kubwa lingekuwa namna ya kuutumia muda uliobaki. Karne hiyo inakaribia kutimia, na hapa Uganda mwenye duka bado anafungua alfajiri na kufunga usiku. Lakini tangu programu za akili mnemba zianze kuandika barua, kutafsiri na kuchora, swali la Keynes limetufikia: kijana ambaye kazi aliyoisomea inafanywa na mashine atajitahidi kwa ajili ya nini?

Wenye matumaini wana mfano mzuri, na uko Kampala. Mwaka 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, na leo hakuna binadamu anayetarajia kuishinda mashine bora katika mchezo huo. Hata hivyo, miaka kadhaa baadaye Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa kimaskini jijini Kampala, alijifunza sataranji kwa kocha Robert Katende, na mwaka 2010 akaichezea Uganda katika Olimpiadi ya mchezo huo. Kuwapo kwa mashine yenye nguvu kuliko yeye hakukuupunguzia ushindi wake thamani, kwa sababu aliyeketi ng'ambo ya ubao alikuwa binadamu mwenzake. Naukubali ushahidi huu, ila tusiusome nusu. Watoto wa Katwe walivutwa pia na uji uliogawiwa mazoezini, na mchezo ukamfungulia Phiona mlango wa shule, kisha wa chuo kikuu Marekani. Ari yake ilikuwa na ngazi ya kupanda.

Wenye hofu nao wana ushahidi, na kwangu ni mzito zaidi. Kiwanda cha nguo cha Marienthal, nchini Austria, kilikuwa tegemeo la kijiji kizima, na kilipofungwa karibu mwaka 1930, watafiti, akiwamo Marie Jahoda, walikwenda kuona watu wanaishije bila kazi. Mtu angetarajia wenye muda mwingi wasome zaidi, lakini idadi ya vitabu vilivyoazimwa maktabani ilipungua karibu nusu. Wanaume, waliokuwa hawana wanakowahi, walitembea polepole wakisimamasimama njiani, ilhali wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaishia, walikwenda kwa mwendo wa haraka zaidi. Wapo watakaosema kilichowaumiza ni umaskini, nao wana hoja, kwa maana posho ilikuwa ndogo. Lakini wanawake wale walikula chungu kimoja na waume zao, kwa hiyo tofauti ya mwendo haielezeki kwa njaa peke yake. Wao walikuwa na mtu anayewangoja.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ndoto ya kijana wa Uganda mara nyingi si yake peke yake: akipata mshahara, kuna karo ya wadogo zake na nyumba ya mama kijijini. Angalia Nasser Road, ambako Kampala huchapisha kadi za harusi na mabango ya kampeni. Anayeanza huko hukata karatasi na kupanga kadi, kisha taratibu husogea hadi kwenye kiti cha kompyuta. Siku hizi mteja anaweza kufika na kadi aliyokwisha kuichora kwa simu yake, akaomba ichapwe tu. Fundi mkongwe hatayumba sana, kwani wateja wanamjua. Anayepoteza ni mwanafunzi wake, maana kadi rahisi ndizo alizokuwa akijifunzia.

Kwa hiyo siridhiki na wanaowaambia vijana watafute vipaji vyao basi, wala siungi mkono kuziharibu mashine, kama ilivyotokea Kericho, Kenya, Mei 2023, zilipochomwa mashine za kuchuma chai. Hasira ya wachumaji naielewa, maana ni mkate wao, lakini siwezi kuitetea kazi ya kuinama shambani kutwa kama ndoto ya kumrithisha mtoto.

Ningependa tuanzie mahali kama pale ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wametengeneza programu ya simu inayotambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani. Simu inautaja ugonjwa. Kumshawishi mkulima ang'oe shina analolitegemea kwa chakula, kisha kumwendea jirani naye ang'oe lake kwa sababu inzi weupe wanaoeneza ugonjwa hawajui mipaka ya shamba, kunahitaji mtu anayeaminika kijijini. Serikali inayogharimia teknolojia ya kilimo iweke katika bajeti hiyohiyo mshahara wa kijana atakayefanya kazi hiyo chini ya afisa ugani, akijifunza, hadi naye awe afisa.