Vardø, Pangani na bei ya samaki

Kila nikipiga simu nyumbani maswali ni yale yale: baridi mnaiwezaje, giza mnalizoeaje, na la tatu, ambalo shangazi huuliza akiwa ameshusha sauti, mshahara shilingi ngapi. Nayajibu harakaharaka niyaondoe njiani. Baridi ya Vardø, mji wa kisiwani kaskazini mwa Norwe ninakoishi, si kali kama mnavyoiwaza. Mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki unaifanya bandari isigande mwaka mzima. Kinachotesa ni upepo, na kisiwani hapa hakuna msitu wa kuukinga. Giza ni kweli. Kuanzia mwishoni mwa Novemba jua hatulioni mpaka Januari imevuka katikati, na siku linapoonekana zima juu ya upeo, ngome ya Vardøhus hupiga mizinga na wanafunzi hupewa mapumziko. Mshahara unatosha, ila pango la nyumba na bei ya nyanya havina huruma. Basi.

Jambo ninalotaka kulisema hakuna anayeniuliza: kwa nini mji huu bado upo?

Vardø ndio mji wa mashariki kabisa wa Norwe. Uko mashariki kuliko Istanbul. Chukueni ramani, mshuke moja kwa moja kusini, mtapita karibu na Kairo na mtatokea huko huko kwetu Tanzania, Mpanda. Zamani uliishi kwa samaki na kwa biashara na Warusi, waliokuja na unga na mbao wakaondoka na samaki, mpaka mapinduzi ya Urusi ya 1917 yakaikata biashara hiyo. Vita Kuu ya Pili ikabomoa sehemu kubwa ya nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 samaki wenyewe wakaadimika baharini. Miaka ya 1960 hapa palikuwa na watu zaidi ya 4,000, leo tuko kama 2,000. Kwa hesabu yoyote ya biashara, mji wa namna hii ulikwishakufa.

Mimi ni mtu wa Pangani, kwa hiyo mji wa bandari uliopitwa na wakati naujua kwa harufu. Pangani iliuza pembe, sukari na, tusifiche, watu. Ndiko alikonyongewa Bushiri bin Salim mwaka 1889 baada ya kuwapinga Wajerumani. Kisha reli ikaanzia Tanga, meli zikafuata reli, na sisi tukabaki na Boma, minazi na hadithi. Hakuna aliyekaa mezani akaamua Pangani ife. Wala hakuna aliyekaa mezani akaamua isife, na hapo ndipo tofauti yetu na Vardø ilipo.

Huku waliamua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walichimba njia ya magari chini ya bahari, karibu kilomita tatu, ya kwanza ya aina yake Norwe, ili watu wachache wa kisiwani wasikwamishwe na dhoruba. Sisi pale Pangani tumevuka kwenda Bweni kwa pantoni miaka nenda rudi, mgonjwa anasubiri foleni na mbuzi, na daraja limeanza kujengwa miaka hii ya karibuni tu. Mwaka 1990 serikali ya Norwe ikauweka mkoa wetu wa Finnmark wote, pamoja na Troms ya kaskazini, kwenye eneo la upendeleo. Ukiishi na kufanya kazi humu, kodi ya mapato ni ndogo kuliko ya mwenzako wa Oslo. Umeme wa nyumbani umeondolewa kodi. Uliyesoma kwa mkopo wa serikali, sehemu ya deni lako inafutwa kila mwaka unaokaa. Tangu Agosti 2023 chekechea ni bure kabisa.

Hilo la mkopo ndilo linaloniuma nikikumbuka kwetu. Mwalimu akipangiwa Mafia au kijiji cha ndani huko Kilwa, Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 ya mshahara sawasawa na aliyepangiwa Dar es Salaam. Halafu tunashangaa kwa nini anakimbia kabla hajamaliza mwaka, anatafuta uhamisho kwa mjomba wa wizarani. Angeambiwa kila mwaka anaokaa Mafia deni linapungua, mnadhani asingenunua godoro?

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, upande wa kupokea. Samaki wao mkuu wanamwita torsk: mnene, nyama nyeupe, ana kisharubu kimoja kidevuni kama mzee wa baraza. Machi na Aprili ndiyo tunabanwa kazi. Boti ya watu wawili inafunga gatini, kreni inashusha matenga, samaki wanapita mizanini, na hapo inajazwa karatasi: aina gani, kilo ngapi, bei gani. Mvuvi anatia saini, mnunuzi anatia saini. Karatasi ile inakwenda kwenye chama cha mauzo cha wavuvi kinachoitwa Norges Råfisklag, kilichoanza 1938, na kwa mujibu wa sheria samaki huyo hawezi kuuzwa mara ya kwanza nje ya chama. Chama ndicho chenye haki ya kuweka bei ya chini. Kinajadiliana na wanunuzi, na wasipoelewana, chama kinaipanga chenyewe. Bosi wangu hawezi kushuka gatini akamwambia mvuvi, “Leo samaki wengi, nakupa nusu.” Anaweza kulalamika, na analalamika sana, lakini analipa.

Sasa nendeni pwani ya Kipumbwi asubuhi dagaa wameingia. Mvuvi amekesha baharini. Nyavu alizotumia za tajiri, mashine ya tajiri, petroli amekopeshwa na tajiri, na dalali ni mtu wa tajiri. Bei inatajwa jua linapanda, na mvuvi anajua kabisa kwamba ndani ya saa chache chombo kitaanza kunuka. Atakataa vipi? Wavuvi wa Finnmark nao walikuwa hivyo hivyo. Mnunuzi wa samaki ndiye aliyekuwa mwenye duka, mwenye gati na mwenye daftari la madeni. Bei zilipoporomoka miaka ya 1930 njaa iliingia majumbani, na ndipo sheria ile ikadaiwa na kupatikana.

Najua mtakachosema: Norwe wana mafuta. Kweli, lakini mafuta makubwa waliyagundua 1969. Mwaka 1938 wavuvi hawa walikuwa na boti ndogo, madeni, na watoto wenye viatu vilivyotoboka. Njia ya chini ya bahari na chekechea ya bure ni vya nchi tajiri, sibishi. Sheria ya bei haikuhitaji kisima cha mafuta.

Nisiwadanganye lakini. Msije mkadhani hapa ni peponi na vijana wamejaa wakicheza bao. Vijana wa Vardø wanaondoka kama wetu, wanakwenda Tromsø na Oslo, na wakirudi ni kwa Krismasi. Baada ya samaki kuadimika boti nyingi ziligawiwa kila moja kiwango chake cha kuvua, na baadaye kanuni zikaruhusu viwango hivyo vikusanywe kwenye boti chache kubwa. Leo boti yenye kiwango kizuri ina bei ambayo kijana wa miaka ishirini hawezi hata kuiota, na samaki wanaopita mbele ya madirisha yetu wengine wanashushwa kwingine kabisa. Kwenye viwanda wenyeji ni wachache. Miaka ya 1980 walikuja Watamil kutoka Sri Lanka wakazishika kazi za samaki huku Finnmark, wakasomesha watoto, na wengi wao wakahamia Oslo. Sasa ni Walithuania na Wapolandi, na mmoja mmoja kama mimi. Hela ya serikali inazuia paa lisidondoke. Nani atalala chini ya paa hilo ni suala jingine.

Na upweke? Upo, ila si ule mliosimuliwa. Wanorwe wa kusini ndio wakimya. Hawa wa kaskazini wanapiga soga, wanataniana na kutukana matusi ambayo Pangani yangekupeleka kwa mjumbe, tena wanayasema wakicheka huku wanakumiminia kahawa. Utani wao na wa pwani yetu hauko mbali. Ninachokikosa ni barazani: mahali pa kukaa bila kununua kitu wala kualikwa. Upepo huu hauruhusu baraza.

Kuna kitu kimoja kinanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Msimu wa torsk watoto wa shule wanakuja kiwandani jioni kukata ndimi za samaki. Mtoto wa miaka kumi anavaa ovaroli ya mpira, anachomeka kichwa cha samaki kwenye msumari uliosimamishwa, kisu kinapita mara moja, ulimi unaanguka ndooni. Hiyo ni kazi ya watoto kwa desturi, mtu mzima akiigusa anaonekana mnyang’anyi. Wanauza wenyewe, wanaweka akiba, na magazeti yanawapiga picha wakitabasamu. Mtoto wa Pangani akiparua samaki pwani apate hela ya daftari, anapigwa picha pia, ila hiyo inakwenda kwenye ripoti ya ajira kwa watoto. (Vile vichwa vyenyewe, baada ya ndimi kutoka, vinaanikwa na kupelekwa Nigeria, ambako vinapendwa mno. Hapa havitupwi hata vichwa, na vina mnunuzi.)

Wadogo zangu wanaouliza kama waje: njooni kama mna kibali cha kazi mkononi na koti zuri, msije kwa maneno ya wakala wa mtandaoni anayetaka ada kwanza. Lakini kwa mlioko nyumbani, hasa mlio kwenye vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vya kusimamia pwani, nina swali. Sheria imewapa kusimamia pwani, mnaandika samaki walioingia, mnakusanya ushuru, mnajua kilo zote. Daftari mnalo tayari. Nani amewakataza kukaa na wanunuzi kabla ya uvuvi kuanza, mkakubaliana bei ya chini ya ndoo moja ya dagaa, kuanzia Kipumbwi hadi Bweni, na chombo chochote kisiuze chini ya hapo? Tajiri atanuna wiki ya kwanza, na wiki hiyo mtahitaji chumvi, majiko ya kuchemshia na vichanja vya kutosha ili dagaa wasiwaharibikie mikononi wakati mnabishana. Hivyo ndivyo vya kuchangishana sasa hivi. Mimi nitatoa.