Keki, Vigelegele na Mateka wa Babeli

Jumamosi nilikuwa kwenye kipaimara cha mpwa wangu. Muda wa keki ukafika, MC akapaza sauti: "Sasa wimbo wa furahaaa!" Ukapigwa Rivers of Babylon wa kundi la disko la Boney M. Mzee wa kanisa, yuleyule aliyetoka kugombana na DJ kwa sababu ya bongo fleva, akawa wa kwanza kuingia kati, kitambaa juu.

Furaha? Jamani, hiyo ni Zaburi ya 137! Watu wametekwa, wamekaa kando ya mito wanalia, vinubi wamevitundika mitini, na waliowateka wanawaambia hebu tuimbieni kidogo. Wanajibu, "Tuuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?" Sisi tunakatia keki. (Mstari wa mwisho, ule wa watoto wachanga, msiusome mkiwa mezani.)

Hilo nalisamehe. Kinachonikera ni aliyefutwa. Wimbo ni wa Wajamaika, The Melodians, wa mwaka 1970, na ni wa Kirasta. Pale penye "wimbo wa Bwana" wao waliimba wimbo wa Mfalme Alfa, yaani Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia ambaye kwa Marasta ni Mungu. Babeli yao haikuwa ya Nebukadneza. Ilikuwa ya waliowavusha bahari kwa minyororo, na ya polisi waliokuja baadaye. Serikali yao ilishtuka, ikaupiga marufuku redioni, mpaka prodyuza Leslie Kong alipowaonyesha kuwa maneno ni ya Biblia. Halafu 1978 Mjerumani Frank Farian akaupa Boney M., disko ikaingia, Mfalme Alfa akatoka, na Uingereza peke yake zikauzwa nakala zaidi ya milioni 2. Selassie alikuwa na miaka 3 tu kaburini. Na sisi, majirani zake kabisa, hata hatujui kama aliwahi kuwamo.

Haya, nikubali: bila Boney M. hata mimi nisingeujua. Mama alikuwa nao kwenye kaseti, anachambua mchele huku anauimba kwa Kiingereza cha kwake peke yake. Na Liz Mitchell mwenyewe, mwimbaji wao, kazaliwa Jamaika, sauti ile si ya kuazima. (Bobby Farrell, mwanamume wa kundi, na ile sauti ya kiume isiyokuwa yake, tuache, nitapandisha presha.)

Nikamfuata DJ akiwa kwenye pilau, nikamwomba apige ule wa Melodians. Akautafuta kwenye simu, akausikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Dada, huu watu watakaa."

Nikamwambia hata wenyewe waliketi.