Haiuzwi: hoja za wanaokataa kuachana na bunduki zao kuukuu

Yupo mmiliki wa bunduki ambaye mnunuzi hamuwezi. Atatajiwa bei ya soko, atatikisa kichwa. Itapandishwa hadi maradufu, atatabasamu na kutikisa tena. Bunduki yenyewe hajaifyatua kwa miaka, risasi zake ni za kutafutwa kwa tochi, na kabatini anayo nyingine mpya inayopiga shabaha vizuri kuliko hiyo. Hata hivyo haiuzwi. Ilikuwa ya marehemu baba yake, au ndiyo ya kwanza aliyoinunua kwa pesa zake mwenyewe, au aliibeba mtu aliyerudi nayo kutoka vitani.

Wanaomtazama hugawanyika. Kuna wanaomsifu kwa kujua kwamba si kila kitu ni pesa, na kuna wanaomwona mkaidi anayekalia mali na hatari kwa wakati mmoja. Mimi naegemea upande wake, ila si kwa sababu anazozitoa, na kuna jambo moja ambalo sina cha kumtetea.

Tuanze na wanaomkosoa kwa hesabu, maana hoja yao ina utafiti nyuma yake. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe na wenzao hawakupewa. Waliopewa walidai takriban mara mbili ya kile ambacho wenzao walikuwa tayari kulipa, na vikombe hivyo walikuwa wamekaa navyo muda mfupi tu. Ikiwa umiliki wa muda mfupi hivyo unapotosha bei kiasi hicho, itakuwaje kwa bunduki iliyokaa nyumbani miaka arobaini? Kwa mtazamo huu, “haiuzwi” ni kosa la hesabu lililovishwa joho la heshima.

Wengi wanaoutaja utafiti huu huishia hapo. Lakini watafiti hao hao walionyesha kwamba pengo la bei halijitokezi mtu anaposhika kitu kwa ajili ya kukibadilisha tu. Mwenye duka la silaha haumii anapouza bunduki, kwa sababu aliinunua ili aiuze. Anayeumia ni yule ambaye kwake bunduki ilishatoka kwenye orodha ya bidhaa. Kumwambia mtu huyo kwamba anakosea bei ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Tena soko lenyewe halina namna ya kulipia anachokithamini. Bunduki ya Winchester Model 1894, iliyobuniwa na John Browning, ilitengenezwa kwa idadi inayozidi milioni 7. Mnadani, mbili za mwaka mmoja na hali moja ni pacha. Kinachoamua bei ni namba iliyogongwa kwenye chuma, mwaka, na kiasi cha rangi ya awali kilichobaki kwenye mtutu. Kitako kilichong’aa upande mmoja kwa sababu shavu la mtu yule yule limekuwa likiegama hapo msimu baada ya msimu hupunguza bei, kwa kuwa ni uchakavu. Kwa mtoto wake, hicho ndicho kitu chenyewe. Akikubali ushauri wa kuisugua na kuipaka upya ili “ipendeze”, atapoteza mara mbili, kwani wakusanyaji nao hawataki bunduki iliyopakwa upya.

Wakati mwingine alama huvuta pande zote mbili waziwazi. Bunduki za Arisaka za jeshi la Japani ziligongwa ua la krisanthemu, nembo ya mfalme wao. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, nyingi zilifutwa ua hilo kwa tupa au gurudumu la kusagia kabla ya kukabidhiwa. Mkusanyaji hulipa zaidi kwa ile ambayo ua lake halijaguswa. Lakini ikiwa babu yako alipewa iliyokwanguliwa, mkwaruzo ule ndio ushahidi wa siku vita ilipokwisha.

Hoja ambayo wenyewe huitumia zaidi ni ya majuto: “Niliuza moja nikiwa kijana, sijajisamehe hadi leo.” Ina ukweli wake, kwa kuwa viwanda hubadilika. Winchester ilibadilisha namna ya kutengeneza bunduki zake mwaka 1964 ili kupunguza gharama, na hadi leo wanunuzi wa bunduki yake ya Model 70 huuliza kwanza kama ni ya kabla ya mwaka huo. Colt iliacha kutengeneza bastola yake ya Python katika miaka ya 2000, bei za zilizobaki zikaruka. Toleo jipya lilipokuja mwaka 2020, mwenye ile ya zamani hakuliona kuwa mbadala. Aliyeuza akidhani atanunua nyingine baadaye alijikuta analipa zaidi kwa kitu ambacho hata hivyo si kile chake.

Ila hoja hii naipokea kwa tahadhari. Majuto yana wasimulizi, usahaulifu hauna. Aliyeuza bunduki akalipa ada ya mtoto, na asiikumbuke tena, haketi na watu kuhadithia jinsi asivyojuta. Tukihesabu hadithi tunazozisikia, kila aliyeuza ataonekana amepotea.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu ndio mzito. Saa ya babu ikisahauliwa kwenye droo itasimama tu. Bunduki ikisahauliwa kwenye droo inabaki na uwezo wake wote. Na mapenzi yana tabia ya kulegeza ulinzi. Bunduki mpya hufungiwa kwenye sefu kwa sababu kila mtu anaiona ni silaha, ilhali ile ya marehemu hutundikwa ukutani au huegemezwa pembeni mwa kabati kwa sababu inaonwa kama picha ya familia. Nchini Marekani mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walijiua. Mtu aliye katika saa yake mbaya kabisa haulizi silaha ina umri gani. Mwizi haulizi pia.

Wahalifu nao wamegundua kwamba ukuukuu unaweza kuwa mlango. Uingereza iliruhusu bastola za kale zimilikiwe bila cheti kama mapambo, kwa hoja kwamba risasi zake hazitengenezwi tena. Wakatokea wa kuzitengeneza kwa mkono, na bastola za karne ya 19 zikaanza kuokotwa kwenye matukio ya uhalifu. Kanuni za mwaka 2021 ziliondoa aina 7 za risasi kwenye orodha ya zilizohesabika kuwa zimepitwa na wakati, na wenye bastola za aina hizo wakatakiwa kuziombea cheti au kuachana nazo. Wengi wao hawakuwa na kosa lolote.

Kuna na hatari kwa mpenzi mwenyewe. Anataka walau mara moja kwa mwaka aifyatue, kumbukumbu isikike. Lakini mitutu ya Damasko ya bunduki nyingi za marisau za zamani ilitengenezwa kwa kusokota vipande vya chuma na feleji na kuviunganisha kwa moto, na iliundwa kwa baruti nyeusi. Baruti isiyotoa moshi, ambayo Paul Vieille aliifanikisha Ufaransa mwaka 1884, ilikuja na shinikizo la aina nyingine, na kutu iliyojificha kwenye maungio haionekani kwa nje. Bunduki za jeshi la Marekani za M1903 kutoka kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000 zina kisa chao: mafundi walikadiria joto la chuma kwa kutazama rangi yake kwa macho, na baadhi zikatoka zikiwa na chuma chepesi kuvunjika. Kwa nje zinapendeza sawa na zile zilizo salama. Fundi mwenye ujuzi akikuambia ya baba yako ni ya kutazamwa tu, mwamini.

Sheria zimewahi kuingilia kwa nguvu huku kukataa kuachana na bunduki. Baada ya mauaji ya watu 35 Port Arthur mwaka 1996, Australia ilipiga marufuku aina kadhaa za bunduki, ikanunua na kuharibu takriban 650,000. Wenye nazo walilipwa, ila kwa bei ya bunduki, na sidhani serikali yoyote ingeweza kuweka bei nyingine. Uingereza, ilipopiga marufuku bastola mwaka 1997, iliacha upenyo mwembamba: baadhi ya zilizotengenezwa kabla ya 1919 zingeweza kuhifadhiwa kwa kibali, na nyingine za umuhimu wa kihistoria zikatunzwa na kufyatuliwa mahali maalumu kama uwanja wa shabaha wa Bisley. Naona busara katika upenyo huo, kwa kuwa unakubali thamani bila kukubali kila anayedai kuwa nayo.

Nisichoweza kukitetea ni ukimya. Anayesema “haiuzwi” mara nyingi hasemi zaidi ya hapo. Hajaandika popote ilitoka kwa nani, ilipigania vita gani, alama ile kwenye kitako ni ya nini. Akifa, mrithi anakuta chuma kizito, hana leseni, na katika nchi nyingi leseni ni ya mtu wala haiandamani na mali ya marehemu. Mapenzi ya baba hayamo kwenye hati ya urithi. Ndani ya mwezi bunduki iliyokataliwa bei maradufu inatolewa kwa nusu bei kwa mtu wa kwanza aliyepiga simu, au inafichwa darini kwa hofu ya polisi, jambo lililo baya zaidi.

Kama hakuna mtoto anayeitaka, ni afadhali aitafutie mwenyewe mtu akiwa hai. Wapo wanaofanya hivyo, na bei wanazokubali huwashangaza wenye hesabu: waliomkataa tajiri humwachia kijana mwindaji kwa robo ya fedha hizo, mradi ameketi akasikiliza kisa chote na ana kibali na sefu. Makumbusho nayo hayapokei kila kinacholetwa. Bunduki ya kawaida ikija peke yake, ghalani kwao huwa zipo kadhaa kama hiyo. Ikija na picha ya mwenyewe ameishika, jina la kikosi chake na ukurasa mmoja wa maelezo aliouandika kwa mkono wake, mazungumzo huanza upya.